Bati la Ndege Halisuguliwi

Ndugu Januari, Afisa Maendeleo, hakujua chochote kuhusu chuma. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msije mkanikatiza baadaye kuniuliza mbona nilimdharau. Nilimdharau kwa sababu alistahili. Aliletwa Lushoto mwaka sabini na tatu, kaunda suti imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kalamu tatu mfukoni, na siku ya kwanza tu aliingia kibandani kwangu, akagonga karai kwa kidole, ngo ngo, akasema, "Hiki chuma kizuri sana, Mzee Abrahamu."

Ilikuwa alumini. Mtu mzima, kasomeshwa kwa jasho la wananchi, hajui chuma wala alumini! Nikamjibu, "Asante, Ndugu Januari," kwa sababu nilikuwa na shida naye.

Shida yenyewe ni hii. Mimi nilikuwa fundi bati pale mjini, nyuma ya soko, na kazi yangu ilikuwa koroboi, ndoo, na kuziba masufuria ya watu yaliyotoboka. Mimi! Miaka tisa nilifanya kazi Nairobi kwenye karakana ya ndege, Mzungu ananikabidhi bawa zima nilitengeneze, yeye anakwenda zake kunywa chai. Nimerudi nyumbani baada ya Uhuru, nakuta watu wanataka koroboi. Basi nikaitamani karakana. Karakana hasa, yenye paa la juu, meza ya chuma, mashine ya kukunjia bati, na kibao nje chenye jina la mkuu wake. Wilaya ilikuwa na mpango wa kujenga moja, na majina yalikuwa yakipitia kwa Ndugu Januari. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nikiikosa hiyo, nisingeishi mpaka ya pili.

Nafasi yangu ililetwa na daraja bovu. Juu ya Magamba, ukishaupita msitu, palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka mabonde matatu, wakalima kabichi, viazi na mapeasi, wakavuna mpaka wakakosa pa kuweka, halafu wakakaa kuyatazama yakioza. Kati yao na barabara ya Lushoto palikuwa na daraja la magogo lisilobeba lori. Gari lao lilikuwa Landrova kuukuu iliyokatwa nyuma, ikajengewa bodi ya mbao za mkuyati na vyuma vya reli, nzito kuliko mzigo wenyewe. Ukipakia magunia manane, magogo yanalia. Selemani, dereva wao, alikuwa anawashusha watu wote wavuke kwa miguu, kisha yeye anavuka amefumba macho. Nilimwona mwenyewe. Dereva wa kufumba macho, na kijiji kizima kinamwita shujaa.

Nikamwambia Ndugu Januari: tatizo si daraja, tatizo ni bodi. Nipe bati jepesi, nitakujengea bodi ambayo watu wanne wanaiinua kwa mikono, na magunia yatapanda kutoka manane mpaka kumi na sita.

Bati lenyewe nilijua liliko. Huko chini, upande wa Mazinde, kwenye bohari ya shamba moja la mkonge, palikuwa na kasha la mabati ya ndege lililoachwa na watu waliokuwa wakinyunyiza dawa kutoka angani. Nilipofika, mlinzi alikuwa amekwisha kata mabati mawili akaezekea banda la kuku. Bati la ndege, jamani, kuku wamelala chini yake! Nilitaka kulia.

Kwa faida ya wale ambao mnadhani bati ni bati, nieleze. Bati lile si moja, ni matatu yaliyobanwa yakawa moja. La katikati ni alumini iliyotiwa shaba kidogo. Hilo ndilo gumu, ndilo linalobeba mzigo, lakini shaba hiyo hiyo ndiyo inayoliponza, maana likipata unyevu na chumvi linaoza kwa ndani. Kwa hiyo juu na chini limevikwa ngozi ya alumini tupu, laini, nyembamba kama karatasi ya Biblia. Ngozi ile haibebi hata kilo moja. Kazi yake ni kulilinda la kati. Ukiitunza, gari litakufa injini mara tatu na bodi ingali mpya. Ukiitoa, umebaki na kitu kigumu kinachooza kama kiazi.

Nilijenga bodi ile kwa wiki saba, na nasema bila haya kwamba Tanganyika nzima hapakuwa na bodi kama ile. Ribiti, ile misumari ya kubania mabati, zote za alumini, hata moja ya chuma hakuna. Mahali bodi ilipokalia fremu ya chuma ya gari, niliweka mpira wa tyubu ya tairi, ili chuma na alumini visigusane, maana vikigusana kwenye maji vinalana. Kila kiungo nilikipaka rangi ya njano ya ndege kabla ya kukifunga. Sakafuni nilitoboa matundu ya kutolea maji. Selemani akaniuliza kwa nini natoboa gari jipya. Sikumjibu. Maswali mengine ukiyajibu unajishusha.

Siku ya kulikabidhi, gari lilivuka daraja na magunia kumi na sita, na magogo hayakulia. Wanawake walipiga vigelegele. Ndugu Januari alihutubia saa nzima juu ya juhudi na maarifa, asinitaje hata kwa bahati mbaya. Mwisho akatoa agizo: gari hili ni mfano, wageni kutoka mkoani watakuja kulitazama, kwa hiyo kila Jumamosi lisafishwe, ndani na nje, ling'ae. Kazi hiyo akawapa akina mama wa kikundi cha usafi.

Mwenyekiti wa kikundi hicho aliitwa Rahabu. Mwanamke wa makamo, mrefu, mikono ya mkulima, mjane. Alinifuata nikiwa nakusanya vifaa vyangu. Akanisalimia kwa Kishambaa, shikamoo zote na habari za nyumbani moja moja, mimi nikajibu kwa Kiswahili cha mkato, maana nilikuwa bado nachemka kwa ile hotuba.

"Fundi," akasema, "samahani. Hili gari tutalisafishaje? Silijui bati hili."

Hebu fikirieni. Nimetoka kujenga kitu ambacho mkoa mzima haukukijua, afisa kanipita kama mti, halafu anakuja mtu kuniuliza habari ya kuosha. Nikamtazama juu mpaka chini. Nikamwambia, "Mama mzima unaniuliza mimi kuosha? Kwani masufuria yako unayaoshaje? Lisafishe hivyo hivyo." Wenzake wawili walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Haya, Fundi, tumesikia," akaondoka, nami nikafunga sanduku langu la vifaa.

Miezi kumi na minane nilikula sifa. Gari lilikuwa likishuka Lushoto kila siku ya soko, likitokea kwenye kona ya juu unaliona liking'aa kutoka mbali, mpaka watu wanakinga macho. Nilikuwa natoka nje ya kibanda, mikono nyuma, nasimama. Wakiniuliza, "Fundi, mbona kila siku linazidi kung'aa?" najibu, "Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mgonga ndoo." Na mimi nililiona, ndiyo, kwamba linang'aa kuliko nilivyolitoa. Nikadhani ni uzuri wa kazi yangu. Miaka tisa ya ndege kichwani, nikadhani ni uzuri wa kazi yangu!

Kisha barua ikaja. Mkaguzi wa magari kutoka Tanga, Ndugu Benedikto, angekuja kulikagua gari. Akiridhika, karakana itajengwa Lushoto, chini yangu, na vijiji sita vitajengewa bodi kama ile. Nililala na barua ile chini ya mto kama mtoto mwenye nguo ya Krismasi.

Siku nne kabla ya ukaguzi, Selemani akaegesha gari mbele ya kibanda, hashuki, anachezea usukani. "Fundi," akasema, "njoo uone sakafu."

Nikapanda nyuma. Mbolea ya chumvichumvi ilikuwa imepakiwa jana yake, unga wake bado umebaki pembeni. Nikaufagia kwa kiganja. Chini yake bati lilikuwa limetoa unga mweupe, limevimba, na pale lilipovimba lilikuwa likibanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikapita mpaka upande wa pili.

Nilikaa juu ya gurudumu la akiba na kidole kikiwa bado kwenye tundu. Halafu hasira ikaja, na hasira yangu ikija huwa inatafuta mtu. Viungo vyangu vyote nilivikagua: mpira upo, rangi ya njano ipo, ribiti nzima. Palipooza ni katikati ya bati, mahali ambapo mimi sikugusa kabisa. Nikalishika bati la ubavuni, nikaliinamia karibu na jua. Mikwaruzo. Mikwaruzo midogo midogo, maelfu, yote inakwenda upande mmoja, kama chini ya sufuria.

"Wanalioshea nini hili gari?" nikamuuliza Selemani.

"Majivu," akasema. "Majivu na mchanga wa mtoni, na majani ya msasa. Kila Jumamosi, mpaka jasho liwatoke. Hukuona linavyong'aa?"

Nayajua majani ya msasa. Yana meno kuliko msasa wa dukani. Mama yangu mwenyewe alisugulia masufuria yake kwa hayo. Ngozi ya bati lile, ngozi iliyotengenezwa na watu wenye vipimo na miwani, ilikuwa imesuguliwa Jumamosi sabini na zaidi, kwa majivu yanayokula na majani yanayokwangua, mpaka ikaisha. Nikasema, "Washenzi!" Nikalirudia mara tatu. Na nawaambieni ukweli wangu, wakati ule sikukumbuka kabisa nilichomwambia Rahabu. Maneno ya dharau hayakai kichwani kwa anayeyasema.

Siku ya ukaguzi tulikutana uwanjani kijijini, asubuhi, ukungu wa msituni haujatawanyika. Ndugu Benedikto alikuwa mzee mwembamba, koti limechakaa viwiko, mkononi daftari dogo. Alitambaa chini ya gari kwa mgongo kama fundi, akatoka na matope, hakuomba kiti. Nikampenda papo hapo, na mimi si mtu wa kupenda watu.

Ndugu Januari hakumpa nafasi ya kufuta matope. "Ndugu Mkaguzi, mbele ya wananchi, nasema wazi: hii ni hujuma. Fundi huyu ametumia bati bovu. Nilimtilia shaka tangu mwanzo."

Shaka! Huyu aliyeita karai chuma! Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, nina chupa ya kostiki ile wanayopikia sabuni, na kijiti. Nikafungua kibao cha namba cha nyuma. Chini ya kibao, pale ambapo mkono wa mtu haukuwahi kufika, bati limefifia kidogo tu, ngozi iko vile vile. Nikadondosha tone moja la kostiki pale, na tone lingine kando, kwenye bati linalong'aa.

"Tazameni," nikasema. "Na wewe Ndugu Januari, tazama, huenda leo ukajifunza kitu."

Tone la chini ya kibao likachemka kidogo, bati likabaki jeupe. Tone la kando likageuka jeusi tii: limeikuta shaba, ngozi hakuna. Watu wakaguna. Nikawaeleza yote, tabaka tatu, shaba, ngozi, sauti yangu imepanda, najisikia kama niko madhabahuni. "Kwa hiyo bati lilikuwa zima na kazi ilikuwa safi! Kazi yangu imeuawa na mtu anayeosha gari kama chungu. Mtu asiyeweza kutofautisha ndege na sufuria!"

Ndugu Benedikto akaligusa lile doa jeusi, akatikisa kichwa polepole. "Kazi ya fundi ni safi," akasema. "Viungo vyote ni vizima. Sijaona kazi kama hii tangu nianze ukaguzi." Akaandika daftarini. Nilikuwa nimekwisha ipata karakana, nawaambieni, nilikuwa naliona paa lake.

Ndugu Januari, kama upepo, akageukia upande mwingine. "Nani aliyesugua?"

Rahabu akasimama. Hakungoja aitwe mara ya pili. "Ni mimi na kikundi changu. Lakini mwenyekiti ni mimi."

"Unajua umeharibu mali ya umma? Unajua gari hili lilikuwa la kijiji kizima? Huu ni uhujumu! Utavuliwa uenyekiti leo hii, na jina lako linakwenda wilayani." Akachomoa kalamu. Siku zile jina likienda wilayani na neno uhujumu limeandikwa kando yake, watu walikuwa hawacheki. Wanawake wa kikundi wakainama wakatazama ardhi.

Ndugu Benedikto akanyanyua mkono. "Ngoja. Mama, nani alikuelekeza uoshe kwa majivu?"

Rahabu akageuza uso akanitazama. Hapo ndipo nilipokumbuka. Yote yakanirudia kwa pamoja, sanduku la vifaa, wale wawili waliocheka, "lisafishe hivyo hivyo." Nikangoja aseme. Nilikuwa tayari kumkana, nisiwadanganye. Neno nilikuwa nimekwisha liweka ulimini, nimwite mwongo mbele ya watu wote, na wangeniamini mimi.

Akasema, "Hakuna aliyenielekeza. Kuosha najua mwenyewe."

Akanihurumia! Mnaelewa? Mtu niliyemsimanga kwa masufuria yake, mtu ambaye sikumjibu hata salamu yake sawasawa, alinitazama akaona mzee mwenye karakana yake moja maishani, akaamua kunisitiri. Ningestahimili anichongee. Ningestahimili anitukane. Lakini huruma ile iliniwasha mwili mzima kama upupu, na mdomo wangu ukafunguka kabla sijauambia ufunguke.

"Huyu mama anadanganya," nikasema. "Alikuja kuniuliza. Siku ile ile ya kukabidhi. Nikamwambia alioshe kama masufuria yake. Ni mimi."

Ndugu Januari, kalamu hewani, akaanza kutabasamu taratibu, na lile tabasamu nimelibeba mpaka leo. Ndugu Benedikto yeye hakutabasamu. Alinitazama kama vile nimevunja kitu chake.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na ulijua jibu?"

"Nilijua."

Akafuta mstari mmoja kwenye daftari lake. "Mzee wangu," akasema, "siwezi kukukabidhi vijiji sita. Utatengeneza vizuri kuliko wote, na kila bodi itaoza." Akampa mkono Rahabu, akanipa na mimi, akaomba maji ya kunawa. Jina la Rahabu halikuandikwa. Karakana ilijengwa Korogwe mwaka uliofuata, chini ya kijana mmoja ambaye hajui hata kushika nyundo ya mti, na hilo bado nalisema.

Watu walipotawanyika, nilibaki nafunga kibao cha namba. Rahabu akaja na wenzake, wamebeba mafurushi ya kupeleka shambani. Nilijua amekuja kunishukuru. Nimejitosa kwa ajili yake, nimeitupa karakana, na nilikuwa nimekwisha andaa jibu la unyenyekevu, kitu ambacho sijakizoea.

Hakushukuru. Akasimama nyuma yangu mpaka nikageuka.

"Fundi, sakafu itawekwa mbao, lakini ubavu bado una bati zima sehemu nyingi. Niambie, bati hili linaoshwaje?"

"Maji," nikasema. "Sabuni kidogo. Kitambaa laini. Msisugue."

"Halafu?"

"Basi. Mlisuuze likauke."

Akangoja, kama mtu anayedhani bado kuna mengine. "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

Akanitazama, na huruma ile ya asubuhi haikuwemo tena machoni mwake. Kilichokuwemo nakijua vizuri, nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote. Akajitwisha furushi lake, akawaambia wenzake, "Maji, sabuni kidogo, kitambaa laini," wakaondoka wote bila kuniaga.